Ujuzi wa Kazi ni Mali ya Nani?

Katika ofisi nyingi za Tanzania asubuhi huanza kwa salamu isiyofuata ngazi ya vyeo. Mkuu wa idara mwenye umri wa miaka 32 anaingia, anamkuta dereva wa idara mwenye miaka 57, naye anamwamkia, "Shikamoo, mzee." Anaitikiwa, "Marahaba, bosi." Baada ya dakika tano aliyeamkia anatoa maagizo, na aliyeamkiwa anayatekeleza. Hakuna anayeona ajabu. Malezi yetu yametuwezesha kukubali kwamba mtu anaweza kuwa mdogo kwa umri na mkubwa kwa cheo, saa ileile na chumba kilekile.

Hili ni jambo jema, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini salamu huchukua nusu dakika, na kazi huchukua siku nzima. Wazee husema vijana hawana subira: wanataka kukalia kiti kabla ya kuijua kazi, na wakisahihishwa mara mbili wananuna. Vijana husema wazee wameng'ang'ania: kila wazo jipya hujibiwa kwamba "sisi tumeanza kazi hii wewe hujazaliwa." Malalamiko haya tunayasikia kazini, tunayasikia kwenye daladala, na hata kwenye ibada za nyumba kwa nyumba huletwa kama hoja za maombi. Nasi mara nyingi tunayajibu kwa kuhimiza adabu: vijana waheshimuni wazee, wazee wachukulieni vijana. Jibu hilo ni la kweli, na Maandiko yanalithibitisha. Ila halifiki kwenye mzizi. Watu wawili wanaweza kuamkiana vizuri kwa miaka kumi, na miaka yote hiyo kila mmoja akawa anamficha mwenzake kazi.

Kwa hiyo nataka tulitazame swali ambalo naliona liko chini ya malalamiko yote hayo. Ujuzi wa kazi ni mali ya nani? Je, ni mali ya aliyeuhangaikia, autoe akitaka na auzuie akitaka? Au una mwenyewe mwingine?

Nenda kwenye gereji yoyote ya mtaani. Kijana anayejifunza ufundi huosha vipuri, hufungua matairi, hushika tochi. Siku injini inapofunguliwa na fundi akafikia hatua iliyo ngumu kuliko zote, ndipo kijana anapotumwa: "Hebu kaniletee chai." Akirudi na chai, injini imeshafungwa. Mafundi husimuliana jambo hili kwa kicheko, kwa kuwa wengi wao walitumwa chai hiyohiyo na waliowafundisha.

Ofisini chai hiyo ina sura nyingine. Chukua mfano wa masjala. Karani aliyeanza kazi enzi za taipureta na karatasi za kaboni anajua kila jalada liko kabati gani, na anajua kwamba majalada ya miaka fulani yalihamishiwa stoo paa lilipovuja. Hajaandika popote. Akiulizwa, huenda mwenyewe akalileta. Hamwonyeshi mtu njia. Upande wa pili wa chumba hicho yupo kijana aliyeajiriwa wakati kompyuta zilipoletwa. Yeye anajua kuingiza taarifa kwenye mfumo na kuzirekebisha zikikosewa. Mzee akimwomba amwelekeze, kijana husogeza kiti, hubonyeza harakaharaka, kisha husema, "Tayari, mzee." Mzee habaki na kitu isipokuwa aibu ya kuomba tena kesho. Nywila iko kichwani mwa kijana kama stoo ilivyo kichwani mwa mzee.

Sasa mweke mtu wa tatu dirishani. Ni mjane aliyepanda basi alfajiri kuja kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Jalada la marehemu liko stoo, na taarifa zake hazijaingizwa kwenye mfumo. Siku hiyo mzee ni mgonjwa, na kijana haijui stoo. Mama anaambiwa, "Njoo wiki ijayo." Wiki ijayo mzee yupo, lakini kijana ameenda semina, na mzee haujui mfumo. Mama anarudi tena. Wale wawili hawajatukanana hata siku moja, na kila asubuhi wanasalimiana. Lakini mjane amelipa nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, na hajui ni nini kinachomzuia kupata haki yake.

Mfano huu nimeutunga, lakini kila aliyewahi kusimama dirishani anaufahamu. Nimeuleta kwa sababu tumezoea kuuhesabu ugomvi wa wazee na vijana kazini kuwa wa watu wawili, na tunapousuluhisha tunauliza nani amemkosea nani. Ugomvi huu una watu watatu. Yule wa tatu ndiye ambaye kazi iliwekwa kwa ajili yake, na ndiye asiyeulizwa.

Hata hivyo, kabla ya kumlaumu mzee wa masjala tumsikilize. Kwa watumishi wengi wa umma nchini mwetu, umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima ni 60. Mwenye miaka 57 anahesabu miezi. Pengine nyumba haijaezekwa, mtoto wa mwisho yuko chuoni, na wajukuu wako mikononi mwake. Ameona wenzake waliofundisha kila kitu wakageuka watu wa kupishwa kwenye korido. Kwake yeye, stoo iliyo kichwani ndiyo bima aliyobaki nayo: maadamu wanalazimika kumuuliza, watalazimika kumtunza. Tena historia ya karibuni inampa sababu ya kuogopa. Ulipowekwa utaratibu kwamba mtumishi wa umma lazima awe na cheti cha kidato cha nne, watu wa darasa la saba waliokuwa wametumika miaka mingi waliondolewa kazini. Ilipofika mwaka 2018 Serikali iliagiza warudishwe wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuamini kirahisi akiambiwa kwamba uzoefu wake ni hazina.

Kijana naye ana lake. Alizunguka na bahasha ya vyeti miaka kadhaa. Kazi aliyoipata ni ya mkataba, na anajua kwamba nje ya geti wako wengi wenye cheti kama chake. Akiwafundisha wote mfumo, atabaki na nini mkononi? Na akikiri kwamba haijui stoo, si atahesabiwa kuwa hajui kazi? Kwa hiyo hafundishi wala haulizi. Hofu ya mzee na hofu ya kijana ni moja: kila mmoja anaogopa kwamba siku atakapokuwa ametoa alichonacho, hatahitajika tena.

Je, ni dhambi mtu kulinda mkate wake? Siwezi kusema hivyo. Neno la Mungu linamtetea mfanyakazi, na linakemea vikali wanaozuia ujira wake. Mshahara ni wake. Siku yake ya kupumzika ni yake. Heshima ya kazi aliyoifanya vizuri ni yake, na anayemnyang'anya anamwibia. Lakini ujuzi una tabia tofauti na mshahara. Kwanza, hakuna aliyeuanzisha. Hata yule fundi aliyetumwa chai alijifunza kwa kuchungulia mikono ya mwingine. Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba hawakuwa na kitu ambacho hawakukipokea, na jambo hilo ni kweli kwa karani kama lilivyo kweli kwa mtume. Pili, ujuzi huu ulipatikana ndani ya muda wa kazi, na waliohudumiwa waliugharimia, hata kwa kuvumilia makosa yetu tulipokuwa wageni kazini. Wako watu waliorudishwa dirishani ili sisi tujifunze. Tatu, mshahara ukigawiwa hupungua, bali ujuzi ukigawiwa haupungui kwa aliyeugawa.

Wazee wetu walilifahamu hili hata nje ya kuta za kanisa. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU ilikuwamo ahadi ya kujielimisha na kuitumia elimu kwa faida ya wote. Na hadi leo sote tunasema kwamba cheo ni dhamana. Ikiwa cheo ni dhamana, ujuzi unaokipa cheo maana yake hauwezi kugeuka shamba la mtu binafsi. Ni amana. Mwenyewe ni Mungu, na ameuweka mikononi mwetu kwa ajili ya yule aliye dirishani.

Hapo mzee wa masjala atanijibu: "Ni kweli, ujuzi wangu haupungui nikiutoa. Kinachopungua ni nafasi yangu." Jibu hilo ni zito, na mahubiri mengi juu ya kurithisha ujuzi hupita pembeni yake. Tusiliruke. Tulipeleke kwenye Maandiko.

Katika 1 Samweli 3 tunakutana na wafanyakazi wawili wa nyumba moja. Eli ni kuhani mzee, macho yake yamefifia. Samweli ni kijana anayehudumu chini yake. Usiku Bwana anamwita Samweli, naye anadhani ameitwa na Eli. Mara tatu anaamka na kumkimbilia. Tazama jinsi Mungu alivyogawa. Aliyesikia sauti ni kijana. Mzee hakusikia kitu. Lakini aliyetambua sauti hiyo ni ya nani ni mzee, kijana hakujua. Kama Samweli angeona aibu kumwendea Eli mara ya tatu, asingejua la kujibu. Kama Eli angechukizwa kwa sababu Bwana amempita na kumwita mtoto, angeweza kumwambia arudi kulala, basi. Badala yake alimfundisha namna ya kuitikia.

Na sauti ile ilileta nini? Ilileta hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Mzee alimfundisha kijana kusikia neno ambalo lingemwondoa yeye mahali pake. Asubuhi Samweli alifungua milango ya nyumba ya Bwana, akafanya kazi zake, na aliogopa kusema. Eli ndiye aliyemsihi asimfiche lolote. Akaambiwa yote, akakubali kwamba Bwana ndiye mwenye kuamua. Eli hakuwa mzee mkamilifu. Aliwalea vibaya wanawe, na Maandiko hayamsitiri. Lakini katika jambo hili moja alikuwa mwaminifu: alijua kwamba kazi ile si yake. Kwa sababu hiyo aliweza kuifungua mbele ya kijana hata pale ilipomgharimu.

Upande wa pili, vijana husomewa sana habari ya Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliyeacha shauri la wazee akafuata shauri la vijana waliokua pamoja naye, na ufalme ukagawanyika. Kisa hiki hutumika kama fimbo ya kuwachapia vijana. Lakini tukisoma hadi 1 Wafalme 14 tunaambiwa kwamba Rehoboamu alipoanza kutawala alikuwa na miaka 41. Sera ya vijana ya nchi yetu ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Kwa hesabu hiyo mfalme huyo hakuwa kijana, na waliokua pamoja naye walikuwa watu wazima. Kosa lao halikuwa umri. Wale wazee walimshauri Rehoboamu awe mtumishi wa watu na kusema nao maneno mema. Wale wenzake walimshauri awaonyeshe watu ukubwa wake. Kipimo kilikuwa kimoja: shauri lipi linamwangalia yule aliyekuja mbele ya mfalme na mzigo mabegani? Siku hiyo wazee walikuwa upande wa watu. Siku nyingine huenda kijana ndiye aliye upande wa watu, na mzee ndiye anayetetea ukubwa wake. Mkristo hapimi shauri kwa mvi wala kwa cheti. Anauliza mjane dirishani atatoka na nini.

Sasa turudi kwenye lile jibu zito, kwamba anayetoa ujuzi anapoteza nafasi. Torati ina sheria moja ambayo hatuisomi mara nyingi, nayo imo katika Hesabu 8. Walawi waliingia katika kazi ya hema ya kukutania wakiwa na miaka 25, na walipofika 50 waliacha kazi yenyewe. Ilikuwa kazi ya nguvu, yenye kubeba na kusafiri. Lakini sheria haikuishia hapo. Mlawi aliyefika miaka 50 hakuambiwa aende zake. Aliagizwa awasaidie ndugu zake pale pale hemani katika ulinzi, ila asibebe tena ile huduma. Alikuwa na mahali palipoandikwa katika sheria, na palipatikana pasipo yeye kuwazuia vijana au kuficha chochote.

Liko na jambo jingine. Katika Hesabu 4 umri wa kuanza huduma unatajwa kuwa miaka 30, na katika sura ya 8 ni 25. Walimu wa Kiyahudi wa kale walieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba ile miaka mitano ya mwanzo ilikuwa ya kujifunza. Kwa maelezo hayo, kijana wa Kilawi alikuwa na miaka ambayo kutojua hakukuwa aibu. Alitarajiwa asijue, na alitarajiwa aulize. Aliyekuwa karibu naye pale hemani, asiye na mzigo begani, ni yule aliyevuka 50.

Naona hapa Mungu alishughulikia hofu zote mbili. Mzee hakulazimika kuficha ili apate kubaki, na kijana hakulazimika kujifanya anajua ili akubalike. Kumbe adabu peke yake haitoshi. Pamoja nayo lazima kuwe na mahali. Tukimwambia mzee atoe ujuzi wake wakati tumeshaamua kwamba akishautoa tutamsahau, tunamtaka awe mtakatifu kwa faida yetu. Na tukimwambia kijana aulize, kisha tukamcheka anapouliza, tunamfundisha kudanganya.

Wajibu basi una pande zake. Wewe uliye kazini miaka mingi, unachokijua kiandike, na umwonyeshe mtu njia ya stoo, usimletee jalada tu. Fanya hivyo hata kama hujahakikishiwa mahali, kwa sababu anayeumia ukificha si bosi wako. Ni yule aliyetoka nyumbani alfajiri. Wewe kijana, mwendee Eli wako mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kuuliza si ujinga. Na mzee anapokuomba umwelekeze kwenye kompyuta, ondoa mkono wako kwenye kipanya, umwachie abonyeze mwenyewe, hata akichelewa. Wewe uliye msimamizi, usingoje wiki ya mwisho kabla ya mtu kustaafu ndipo uitishe makabidhiano. Waweke wawili kwenye meza moja mapema, na umpe yule mzee kazi ya kufundisha iliyo kazi kweli, yenye jina na saa zake.

Na kanisa lisiwahubirie wengine juu ya hili huku lenyewe likiwa na masjala zake. Tunao wahazini ambao hakuna mwingine anayejua vitabu vyao vya hesabu vinavyokaa. Tunao walimu wa kwaya ambao wimbo hauanzi wasipokuwapo, na hawajawahi kumwachia kijana hata ibada moja ya Jumapili. Tunao pia vijana wanaoendesha vipaza sauti na matangazo ya mtandaoni, ambao siku wakikasirika usharika mzima unanyamaza. Wote hao wanampenda Bwana. Lakini usharika unaotegemea kichwa cha mtu mmoja haujaijengea kazi ya Bwana kesho yake. Na mzee aliyetumika miaka 30, kisha akakabidhi, asipoona jina lake tena mahali popote isipokuwa kwenye orodha ya wagonjwa wa kutembelewa, waliobaki watajifunza somo moja: usikabidhi.

Nina pendekezo dogo kwa baraza la wazee la kila usharika. Chukueni orodha ya huduma zote, na mbele ya kila huduma andikeni majina mawili: anayeifanya sasa, na anayefundishwa. Kisha ongezeni safu ya tatu: aliyeifanya zamani, na kazi tuliyompa sasa. Pale penye nafasi tupu katika safu ya pili, kuna hema itakayokosa wabebaji. Pale penye nafasi tupu katika safu ya tatu, yupo Mlawi wa miaka 50 tuliyemwambia aende nyumbani, wakati Bwana alisema abaki na ndugu zake.